Kifuko Hiki Shambani ni cha Nani? Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Mayai ya Buibui

Tangu tugusie buibui toleo lililopita maswali yamekuwa ni vifuko tu, vifuko tu, mpaka wa vidukari na wa siafu nimewaomba wasubiri kidogo. Nimechagua machache yanayobeba na ya wengine, na barua ndefu nimezipunguza bila kugusa maana.

SWALI: Shikamoo mzee. Kuna kipande cha shamba letu hakijalimwa msimu huu na majani yamekuwa marefu, nilipokuwa napita humo nikakuta vitu viwili vinaning'inia sijavielewa. Kimoja cha kahawia kina umbo kama kibuyu kidogo chenye shingo juu, urefu sentimita mbili na kidogo, kikavu na ganda lake la kikaratasi. Cha pili kidogo sana, ni kidonge cha udongo kwenye shina la jani, nilidhani ni nyigu kajenga ila kina kikonyo cheupe cha uzi. Kaka yangu anasema vyote ni mayai ya buibui tuchome hayo majani kabla hawajatoka wakatujaa mpaka ndani. Ni kweli? Ni buibui gani na wana sumu? Picha nimetuma.

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka arudishe kiberiti mfukoni kwanza. Vyote viwili ni vya buibui kweli, hapo kapatia, ila hiyo ya kuwajaa ndani na kuchoma moto hapana, ntafika huko.

Tuanze na kibuyu. Nimeivuta picha yako mpaka ikaanza kufifia na nilichokuwa natafuta ni nyuzi, maana watu wengi wanaangalia kifuko wanasahau kilivyofungwa. Angalia pale shingoni, kimeshikwa na nyuzi nyingi zinakwenda kila upande kwenye majani ya jirani, yaani hakijaangukia hapo kwa bahati, kimefungwa makusudi, tena chini chini karibu na ardhi ambapo upepo haupigi sana. Umbo hilo, ganda hilo la kikaratasi na ufungaji huo vyote vinaelekeza kwa Argiope, wale buibui wakubwa wa utando wa duara wenye tumbo la mistari ya njano na nyeusi, nadhani ushawaona wamekaa katikati ya utando kichwa chini na kuna uzi mzito wa zigizaga hapo hapo walipo. Ulaya na Asia mwenye kifuko cha shingo namna hii ni Argiope bruennichi, Amerika ya Kaskazini yupo ndugu yake Argiope aurantia na cha kwake ni cha mviringo zaidi.

Ndani ya lile ganda kuna tabaka la hariri laini iliyofumuka, afu katikati kabisa ndo yalipo mayai, mamia kwa mamia, Argiope aurantia anaweza kuweka kuanzia 300 hivi mpaka zaidi ya 1,000 kwenye kifuko kimoja. Hariri ya kifuko si ile ile ya utando, inatoka kwenye tezi zake maalumu ambazo jike peke yake ndo anazo, ndio maana ukiishika unaona imekakamaa tofauti kabisa na utando unaokunata usoni asubuhi. Na kifuko kikikaa miezi bila kitu kutoka usiseme kimeharibika, kwenye nchi zenye baridi kali watoto wanaanguliwa mapema tu kabla baridi haijakolea, wanabaki humo humo ndani majira yote ya baridi na wanatoka joto likirudi. Mama yao wakati huo ameshakufa zamani, hawajawahi kuonana.

Sasa kile kidonge cha udongo, hicho ndicho kilichonifurahisha maana watu wengi wanakipita. Mwenye mchezo huo ni jenasi ya Agroeca na anayejulikana sana ni Agroeca brunnea wa Ulaya. Huyu hatengenezi utando wa kutegea, anawinda kwa miguu usiku, ila jike likitaka kutaga linapanda shina la jani na kushona kifuko cheupe safi kabisa chenye kikonyo chembamba juu na tumbo pana chini, urefu haufiki sentimita moja. Ndani kimegawanywa vyumba viwili, chumba cha juu kina mayai na cha chini ni cha watoto kushukia wakishaanguliwa wakajivue ngozi kabla ya kutoka. Akimaliza kushona anaanza kubeba udongo kwa mdomo, chembe kwa chembe, anakipaka chote mpaka weupe unapotea na ukikitazama unaona tope tu. Kile kikonyo cheupe ulichokiona ndicho kilichomuumbua. Ukiona kingine cheupe kitupu usishangae, ama mama hajamaliza kupaka ama mvua imeusafisha udongo.

Ila nikusihi usikimbilie kuandika jina kamili la spishi kwa kuangalia kifuko peke yake. Mara nyingi kifuko kinakufikisha kwenye familia au jenasi na hapo kinakuacha, ukitaka zaidi ya hapo lazima umwone mama au usubiri watoto wakue. Spishi za buibui zenye majina zilishapita 50,000 mwaka 2022 na vifuko vya nyingi kati yake vinafanana mno. Rangi ndo inadanganya kuliko vyote kwa sababu jua na mvua vinaibadilisha. Mimi naamini zaidi mambo haya: kimefungwaje, kipo urefu gani kutoka chini, ganda ni la kikaratasi au sufi au udongo, na mama yupo au hayupo. Kuna mmoja ambaye rangi inamsaidia mtu kidogo, Enoplognatha ovata, yeye ukikunjua jani alilolikunja utakuta kifuko cha kibuluu chenye kijani kidogo na mama pembeni kakikumbatia. Ndo hivyo, wa hivyo ni wachache.

Kuhusu sumu, karibu buibui wote wanayo ya kuulia wadudu wao, swali la maana ni kama inamdhuru mtu, na kwa Argiope na Agroeca hapana, Argiope ukimbana mkononi anaweza kukuuma na utasikia maumivu ya muda basi. Na hapa niongeze onyo ambalo hukuuliza. Ukikutana na jani refu au suke la nyasi limekunjwa likashonwa na hariri likawa kijumba kilichofungwa kila upande, usilifungue kwa vidole. Humo anaweza kuwemo buibui aitwaye Cheiracanthium na mayai yake, huyo anakaa na mayai mpaka mwisho na hana utani, anauma na inauma kweli.

Haya, kuwajaa ndani. Watoto wa buibui wakitoka wanakaa pamoja siku chache tu afu wanatawanyika, maana wakichelewa wanaanza kulana wao kwa wao. Wengi wanapanda juu ya jani, wananyanyua tumbo juu, wanaachia uzi hewani na kupeperuka nao. Charles Darwin mwaka 1832 akiwa kwenye meli Beagle mbali na pwani ya Amerika ya Kusini, kama maili 60 kutoka nchi kavu, aliona vibuibui vingi sana vimejaa kwenye kamba za meli, vilikuja na upepo. Na mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Erica Morley na Daniel Robert, walionyesha kuwa hata pasipo upepo umeme uliomo hewani unatosha kuwafanya waanze kupanda na kuachia uzi. Kwa hiyo hao watoto wako hawana mpango na nyumba yenu, wanakwenda mbali huko na wengi wao wanaliwa kabla hawajafika popote. Wanaobaki shambani wanakula panzi, nzi, nondo na vidukari, makadirio yaliyotolewa mwaka 2017 yalisema buibui wa dunia nzima wanakula kati ya tani milioni 400 na 800 za mawindo kila mwaka na sehemu kubwa ni wadudu. Mkichoma hayo majani mtakuwa mmechoma walinzi na wadudu wa mazao watarudi kabla ya buibui kurudi. Kama lazima mfyeke, acheni ukanda mmoja wa majani marefu pembeni vifuko vipate pa kukaa.

SWALI: Habari za kazi mzee wetu. Mimi nina kitu kwenye kijiti cha mti wa uzio, ni cha kahawia, kigumu kama povu lililokauka, kimegandana na kijiti kabisa. Alafu kwenye majani ya nyanya kuna vitu vyeupe vidogo vidogo vimelundikana pembeni ya kiwavi. Vyote ni mayai ya buibui eti?

JIBU: Nzuri dada, pole na kazi. Hakuna cha buibui hapo. Cha kwanza umekijibu mwenyewe uliposema povu, hayo ni mayai ya vunjajungu, anatoa povu likagandia kwenye kijiti likawa gumu, na ukiangalia kwa lenzi hutaona uzi hata mmoja. Kifuko cha buibui hata kiwe kigumu namna gani ukikikaribia utaona nyuzi zimepishana. Kiache hapo hapo, vunjajungu naye ni mwindaji.

Vile vyeupe kwenye nyanya usiviguse kabisa. Ni vyumba vya hariri vya nyigu wadogo sana wa jamii ya Braconidae, funza wao walikuwa ndani ya mwili wa huyo kiwavi wakimla taratibu, wakatoka nje na kila mmoja akajishonea chake. Kiwavi unayemwona hapo hana siku nyingi. Watu wanapuliza dawa hapo na ndo wanajiharibia.

Nikiwa hapo hapo, kuna kitu kingine kinachowachanganya wengi, nacho ni windo lililofungwa. Buibui akimkamata nzi anamviringisha hariri mpaka anakuwa kifurushi cheupe na mtu anasema mayai hayo. Kifurushi cha windo hakina umbo la kueleweka, mara mguu unatokeza mara bawa, na kinakuwa ndani ya utando wa kutegea. Ila usitegemee utando peke yake maana wapo wanaoweka mayai hapo hapo kwenye utando, Cyclosa kwa mfano anapanga vifuko na mabaki ya mawindo kwenye mstari mmoja na yeye mwenyewe anakaa katikati ya mstari humuoni, na Cyrtophora citricola anavipachika kimoja juu ya kingine katikati ya utando wake wa hema.

SWALI: Mjomba, wakati napalilia nimeona buibui anakimbia chini na kampira keupe nyuma yake, afu mwingine kwenye majani kabeba kama hicho ila mdomoni. Ni aina moja au mbili?

JIBU: Mbili, na umeangalia vizuri sana maana tofauti yenyewe ndo hiyo hiyo. Anayebeba nyuma ni wa familia ya Lycosidae, kifuko kakigandisha kwenye vile vitokeo vya uzi mwisho wa tumbo na anakimbia nacho, anawinda nacho, hata shimo akiwa nalo anakaa mlangoni akakielekeza kwenye jua kipate joto. Ukipata nafasi ya kukitazama karibu utaona mstari umekizunguka katikati, ni mshono, maana kimetengenezwa kwa sahani mbili za hariri zikaunganishwa, na siku ikifika mama anaung'ata huo mshono watoto watoke. Bila kung'atiwa hawatoki. Wakitoka wanapanda mgongoni kwake wote na wanabebwa siku kadhaa. Sasa huyu mama ana kitu cha ajabu, ukimnyang'anya kifuko anakitafuta kama mwendawazimu, na akikutana na kipande cha gamba la konokono au karatasi iliyoviringishwa anaweza kukibeba hicho hicho akaridhika. Usimfanyie lakini.

Anayebeba mdomoni ni wa familia ya Pisauridae, mwenyeji wa Ulaya ni Pisaura mirabilis. Anakishika kwa meno chini ya kifua, kikubwa mpaka anatembea kwa ncha za miguu. Mayai yakikaribia kuanguliwa anajenga hema la hariri juu ya majani, anakiweka humo na yeye analinda kwa nje. Hema hilo ukiliona limejaa vinukta vinavyotembea ndo watoto. Ni jamii hiyo hiyo ambayo dume linamletea jike windo lililofungwa hariri ndo lipewe nafasi, na wapo madume matapeli wanaofunga takataka tupu ndani.

SWALI: Mtaalamu naomba jibu la haraka. Chini ya ukingo wa ndoo tuliyoiacha shambani muda mrefu kuna vimipira vya rangi ya krimu vina miiba miiba pande zote. Watoto wanachezea hapo.

JIBU: Watoto wakae mbali kwanza, na ndoo usiishike kwa mkono mtupu. Kifuko cha duara cha kama sentimita moja chenye vimiiba vya hariri vimetokeza kila upande, tena kiwe mahali pa kujificha kama ukingo wa ndoo, chini ya kiti au kwenye kona ya uzio, hicho ni cha Latrodectus geometricus, yule buibui mjane wa kahawia. Hapa ndipo nakiuka kauli yangu ya juu, huyu kifuko chake kinatosha karibu kumtaja jina kabla hujamwona. Mwenyewe ni wa kahawia yenye mabaka, miguu ina pingili za rangi mbili, na chini ya tumbo kuna alama ya rangi ya machungwa yenye umbo la vipembetatu viwili vilivyogusana ncha. Utando wake hauna mpangilio na ni mgumu, ukiukata unausikia. Alielezwa kisayansi mwaka 1841 na sasa yupo nchi za joto karibu dunia nzima.

Ni mwoga, akiguswa mara nyingi anajikunja na kuanguka kama amekufa, na kung'atwa kwake kwa kawaida si kukali kama kwa ndugu zake weusi, wale wanaoitwa wajane weusi, ila ni jamii moja na mtoto mdogo hatuchezi naye bahati. Vaa glovu nene, chukua fimbo au brashi ngumu, vikwangue vifuko na buibui mwenyewe viingie kwenye chombo chenye maji ya sabuni uvizamishe. Kupuliza dawa juu ya vifuko hakusaidii sana kwa sababu hariri inazuia isiingie. Akitokea mtu kang'atwa na misuli ikaanza kukaza, jasho, maumivu yanapanda, mpeleke hospitali hapo hapo usingoje kesho.

Ndugu zake weusi vifuko vyao ni laini havina miiba, vya duara au vya kuchongoka kidogo juu, hivyo usiseme kwa kuwa hakina miiba basi salama. Ukiona kifuko cha duara kwenye utando wa hovyo hovyo karibu na ardhi, mtafute mama kwa tochi kabla ya kuingiza vidole.

SWALI: Kifuko changu kina tundu. Wametoka?

JIBU: Inategemea ndani kumebaki nini. Kikiwa kimeshachakaa unaweza kukichana, ukikuta vijingozi vyeupe vingi vyepesi sana basi watoto walijivua wakatoka salama. Ukikuta vyumba vidogo vya kahawia ndani na mayai hakuna, hao ni nyigu, wapo wanaotaga ndani ya vifuko na funza wao wanakula mayai yote. Ukikuta chumba kimoja kikubwa cha hariri huenda alikuwa Mantispidae, mdudu mwenye mikono ya vunjajungu na mabawa ya wavu, mtoto wake anaingia kwenye kifuko na kufyonza mayai akiwa peke yake humo. Kikiwa kimechanwa vibaya ubavuni sufi inaning'inia nje, ni ndege. Na wakati mwingine unakuta buibui wa aina nyingine kabisa kajihifadhi humo, kwa hiyo anayetoka si lazima awe mwenye nyumba.

SWALI: Naweza kukichukua nikakae nacho nione watakavyotoka?

JIBU: Unaweza. Piga picha kwanza kikiwa pale pale na rula pembeni, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha mmea, maana ukishakitoa hizo habari zimepotea. Afu kata shina lote usikibandue, liweke ndani ya chupa ya mdomo mpana likiwa limesimama kama lilivyokuwa, na chupa ikae nje kivulini, usiiweke ndani ya nyumba kwenye joto kwa sababu watatoka kabla ya wakati hakuna cha kula. Nyunyizia tone moja moja la maji kwenye ukuta wa chupa kukiwa kukavu sana, si juu ya kifuko kitaota ukungu. Ukitaka kujua wamefikia wapi washa tochi nyuma yake, mara nyingi unaona kivuli cha mayai au vinavyotembea.

Wakitoka wafungulie siku hiyo hiyo pale ulipokitoa, mbakishe mmoja wawili wa kuwakuza ukitaka jina. Na kifuniko kiwe kitambaa cha kusukwa kwa kubana, chandarua usitumie, hao watoto wanapita kwenye matundu yake bila hata kukunja mguu.